Gharama za ukarabati wa nyumba Kampala: Namuwongo, Muyenga na Bugolobi hazilipi sawa

KAMPALA - Mabati manne ya aina moja, misumari ileile na fundi yuleyule vinaweza kuzaa bili tatu tofauti ndani ya kilomita chache tu kusini-mashariki mwa jiji la Kampala. Namuwongo, Muyenga na Bugolobi ni majirani. Hata hivyo, wenye nyumba wa sehemu hizo hawalipi sawa wanapoziba paa linalovuja, kubadilisha bomba au kupiga lipu upya.

Makala hii inaeleza jinsi mahali nyumba ilipo panavyoathiri bei ya ukarabati, kuanzia mpakani hadi mlangoni kwa mteja. Imelenga wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na wasafirishaji wanaohudumia soko la Kampala, ambao mara nyingi huona sehemu moja tu ya safari hiyo na kushangaa kwa nini mteja wa mwisho analalamika kuhusu bei.

Namuwongo iko wapi

Namuwongo iko katika Divisheni ya Makindye, kati ya eneo la viwanda la Kampala na mlima wa Muyenga. Upande mmoja kuna reli inayotoka stesheni kuu ya Kampala na mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya mvua na maji machafu ya jiji kupitia kinamasi hadi ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Ng'ambo ya kinamasi ni Bugolobi, iliyo katika Divisheni ya Nakawa. Juu ya mlima ni Muyenga, maarufu kwa matangi makubwa ya maji ya shirika la taifa la maji, na kwa majumba yenye ukuta na geti.

Namuwongo yenyewe ina sura mbili. Kuna sehemu ya juu yenye barabara za magari, maduka na nyumba za kudumu, karibu na hospitali ya International Hospital Kampala. Kuna pia sehemu ya chini, kando ya reli na kinamasi, ambako nyumba zimebanana na njia nyingi ni za miguu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianzisha huko mradi wa kuboresha makazi na nyumba za gharama nafuu. Mradi huo uliacha sehemu iliyopangwa, lakini makazi yasiyopangwa yaliendelea kukua kuelekea relini na kinamasini.

Kwa hiyo anayeuliza "ukarabati Namuwongo ni bei gani" huulizwa swali kwanza: juu au chini?

Safari ya mfuko wa saruji

Vifaa vingi vya ukarabati vinavyouzwa Kampala vimevuka mpaka, au vimetengenezwa kwa malighafi iliyovuka mpaka. Barabara kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala ni ya takriban kilomita 1,170, kupitia Malaba au Busia. Vifaa vya bomba, vitasa, vigae, nyaya, swichi na koili za chuma za kutengenezea mabati hupita njia hiyo. Upande wa Tanzania kuna barabara ya Mutukula, na pia njia ya ziwa kati ya Mwanza na Port Bell, ambako meli ya MV Umoja ilirejea kubeba mabehewa mwaka 2018.

Saruji hutengenezwa Uganda kwenyewe, hasa Tororo mashariki na Hima magharibi, ingawa klinka, ambayo ndiyo malighafi yake kuu, huagizwa pia kutoka nje. Tororo iko kilomita zisizopungua 200 kutoka Kampala, na Hima, katika wilaya ya Kasese, ni mbali zaidi ya hapo. Vigae vya udongo hutoka Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe, ambako kampuni ya Uganda Clays imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1950. Mchanga mwingi umekuwa ukitoka Lwera kwenye barabara ya Masaka. Mbao huuzwa kwa wingi Ndeeba, na baadhi ya mbao ngumu za hapo hutoka mashariki mwa Kongo. Milango na madirisha ya chuma huchomelewa Katwe na vitongoji vingine.

Juu ya bei ya usafiri kuna kodi. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18. Kwa bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa pamoja wa forodha ulikuwa na viwango vitatu, yaani 0, 10 na 25 kwa mia, hadi Julai 2022 kilipoongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Kiwango hicho kiligusa aina kadhaa za bidhaa za chuma, rangi na vigae, na vyote hivyo ni vitu vya ukarabati.

Hadi hapo, gharama hizi ni sawa kwa wote. Mfuko wa saruji uliofika kwenye duka la jumla katika eneo la viwanda una bei moja, awe mnunuzi ni wa Muyenga au wa Namuwongo. Tofauti huanza baada ya hapo.

Mita mia nne za mwisho

Hesabu ndogo inasaidia kuonyesha jambo hili. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, si bei za soko. Tuseme lori limekodiwa kwa shilingi 1,400,000 kuleta tani 28 za saruji kutoka Tororo. Hiyo ni mifuko 560 ya kilo 50, na kila mfuko umebeba shilingi 2,500 za usafiri kwa safari ya kilomita 200. Ni sawa na shilingi 12 na nusu kwa kila kilomita.

Mfuko huo ukifika Namuwongo, gari huishia barabarani. Kijana wa toroli anaupeleka mita 400 ndani, kwenye njia ya miguu yenye mtaro katikati, na anatoza shilingi 2,000. Kwa kilomita moja, hiyo ni shilingi 5,000. Mita mia nne za mwisho zimekuwa ghali mara 400 kwa kila kilomita kuliko barabara kuu.

Kijana wa toroli hajamwibia mtu. Lori limegawa gharama yake kwa mifuko 560, naye anabeba mmoja au miwili, na njia ikiwa na matope hubeba kichwani. Mchanga na kokoto ni shida zaidi, kwa sababu tripu moja ya lori humwagwa barabarani na kubebwa kwa karai au magunia, na mwenye mali lazima aweke mtu wa kulinda lundo lisipungue. Mabati marefu hayapiti kwenye kona za vichochoro, hivyo baadhi ya wenye nyumba hukata bati barabarani na kulipia viungo zaidi darini.

Muyenga, kwa upande mwingine, gari huingia hadi ndani ya geti. Kinachoongeza bei huko ni mteremko mkali na barabara za mawe kwenye baadhi ya sehemu, ambazo dereva wa Fuso aliyejaza mzigo huzihesabu kabla ya kukubali kazi. Bugolobi ina barabara tambarare zaidi na iko karibu na eneo la viwanda, na kwa usafiri pekee ndiyo yenye nafuu kuliko zote tatu.

Bodaboda imeziba pengo kwa mizigo midogo. Neno lenyewe lilizaliwa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Leo pikipiki hizo hubeba bomba, ndoo za rangi, vyoo vya kukaa na hata mabati yaliyokunjwa. Bei yake hupanda haraka mvua inaponyesha, yaani wakati ambao mapaa huvuja.

Kipimo kidogo, bei kubwa

Sababu ya pili ni ukubwa wa manunuzi. Mwenye nyumba wa Muyenga anayekarabati bafu hununua boksi zima la vigae, ndoo kubwa ya rangi na mifuko kumi ya saruji, na anaweza kujadili bei katika duka la jumla la eneo la viwanda au Nakasero. Mwenye chumba au safu ya vyumba vya kupangisha Namuwongo chini hununua saruji kwa kilo, misumari kwa kilo au nusu yake, na rangi kwa kopo. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji wake, na mfuko uliofunguliwa una hatari ya kuganda kwa unyevu kabla haujaisha. Mwenye duka lazima afidie hatari hiyo.

Matokeo yake ni kwamba mwenye kipato kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, hata kama bili yake nzima ni ndogo. Jambo hili linajulikana katika sukari na mkaa, na kwa vifaa vya ujenzi ni vilevile.

Shinikizo la bei pia hufungua mlango kwa bidhaa hafifu. Mabati ndiyo mfano mkubwa. Katika mabati, namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 32. Bati lililogongwa mhuri wa geji 30 huku unene wake ukiwa pungufu huonekana rahisi dukani, lakini hutoboka mapema, hasa karibu na kinamasi ambako unyevu hauishi. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limewahi kukamata mabati ya namna hiyo. Kwa mwenye nyumba, ukarabati wa mara mbili ndani ya miaka michache hugharimu kuliko bati zuri la mara moja, kwa sababu ujira na usafiri hulipwa upya.

Ujira wa fundi na bei ya geti

Katika ujira, hali inageuka. Namuwongo ni mtaa wa mafundi. Waashi, maseremala, mafundi bomba na vibarua wengi huishi humo kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu na kazi za eneo la viwanda ziko karibu kwa miguu. Mwenye nyumba anayeishi jirani na fundi halipi nauli, anajua bei ya siku, na fundi hawezi kuharibu kazi kisha akatoweka, kwani kesho watakutana bombani. Malipo mara nyingi hugawanywa kwa awamu, na fundi huweza kukubali kumalizia Jumapili.

Fundi huyohuyo akiitwa Muyenga au Bugolobi hutaja bei nyingine. Mafundi hutazama geti, gari lililoegeshwa na anayefungua mlango, kisha hupanga. Hata hivyo si yote ni tamaa. Kazi ya huko ina mambo yake: kusubiri askari wa geti apige simu, kurudi siku ya pili kwa sababu bosi hakuwepo, kufunika zulia na fanicha, na kutumia vifaa vya kumalizia ambavyo kosa moja hugharimu mshahara wa wiki. Fundi akivunja kigae cha bei kubwa, analipa yeye. Hatari hiyo huingizwa kwenye bei kabla kazi haijaanza.

Kwa ufupi, Namuwongo chini ujira ni mdogo na vifaa ni ghali kufikisha, na juu mlimani vifaa hufika kwa urahisi na ujira ni mkubwa. Anayelinganisha bei za mitaa hiyo lazima atenganishe mafungu hayo mawili, la sivyo hesabu itampotosha.

Ardhi na maji

Kampala ina misimu miwili ya mvua, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Maji ya milima hushuka kwenye mfereji wa Nakivubo, na mfereji ukijaa, Namuwongo chini hupokea. Udongo wa kinamasi ni laini na maji ya ardhini yako karibu. Msingi usio na kina hukaa vibaya, kuta hupasuka, na unyevu hupanda kutoka chini na kubandua lipu.

Hapa ndipo ukarabati unapokuwa wa kurudia. Lipu iliyopigwa juu ya ukuta wenye maji hudumu msimu mmoja au miwili. Fundi mwaminifu atashauri kwanza kuinua sakafu kwa kifusi, kutandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu na kuchimba mtaro wa kuondoa maji. Kazi hiyo ni kubwa na wengi huiahirisha. Wauzaji wa saruji na chokaa wa maeneo ya bondeni huona mauzo yakipanda kila mvua zinapokatika, wakati kuta zinapoanza kukauka na nyufa kuonekana.

Juu Muyenga tatizo ni tofauti: kuta za kuzuia udongo usiporomoke kwenye miteremko, na mifereji ya paa inayopaswa kubeba maji mengi kwa kasi. Kazi hizo huhitaji nondo na kokoto zaidi ya lipu.

Hati ya ardhi na hofu ya kuondolewa

Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inatambua umiliki wa mailo, wa kudumu, wa kukodi na wa kimila. Juu ya ardhi ya mailo kuna wenye vibanja, ambao wana haki ya kukaa lakini hawana hati. Sehemu ya Namuwongo chini iko pia kwenye hifadhi ya reli na kwenye kinamasi. Julai 2014, Shirika la Reli la Uganda lilibomoa majengo yaliyokuwa kwenye hifadhi yake jijini Kampala, Namuwongo ikiwemo, na watu wengi walipoteza nyumba na biashara.

Jambo hili lina athari ya moja kwa moja kwenye soko. Mwenye nyumba asiye na uhakika wa mwaka kesho hununua vifaa anavyoweza kung'oa na kuondoka navyo: mabati, mbao, milango na madirisha ya kubandika. Haweki vigae wala msingi wa zege. Vifaa vya muda huchakaa upesi, hivyo ukarabati huwa mdogo mdogo na wa mara kwa mara. Pia hana hati ya kupeleka benki, na kila kazi hulipwa kwa fedha taslimu ama kwa mkopo wa kikundi cha akiba.

Wenye hati hukutana na gharama ya aina nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inataka kibali kwa kazi za ujenzi, na Kampala kibali hutoka kwa mamlaka ya jiji, KCCA, iliyochukua nafasi ya halmashauri ya zamani mwaka 2011. Mwenye nyumba barabarani huonekana haraka na mkaguzi kuliko aliye ndani ya vichochoro.

Choo, umeme na bomba

Kunyonya shimo la choo ni huduma ambayo mahali huamua karibu bei yote. Gari la maji taka huhitaji barabara na mpira wa urefu fulani. Nyumba iliyo mbali na barabara haifikiki. Kwa sababu hiyo, Kampala kumeenea pampu ya mkono iitwayo Gulper, ambayo vijana huibeba hadi kwenye shimo na kujaza mapipa yanayotolewa kwa toroli. Mzigo hupelekwa kwenye mitambo ya Bugolobi au Lubigi. Namuwongo iko karibu na Bugolobi, jambo linalopunguza mafuta, lakini ubebaji wa mapipa hurudisha gharama juu.

Katika umeme, kampuni ya Umeme iliendesha usambazaji tangu Machi 2005 hadi 31 Machi 2025, kisha shirika la serikali la UEDCL likachukua. Fundi wa kufunga nyaya hupaswa kuwa na kibali cha mamlaka ya udhibiti wa umeme. Nyumba iliyo mbali na nguzo huhitaji waya mrefu, na hapo ndipo wengi huishia kuunganisha kwa jirani, jambo ambalo ni hatari na huzaa matengenezo ya mara kwa mara.

Mpaka ukitikisika

Bei ya ukarabati Kampala husikia mara moja shida ya mpakani. Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya zilikata njia ya mafuta na mizigo, na bei zikaruka Uganda. Januari 2022, foleni za malori Malaba na Busia, zilizotokana na mvutano kuhusu vipimo vya Uviko-19, zilipandisha tena bei ya mafuta. Mafuta yakipanda, mwenye lori hupandisha, bodaboda hupandisha, na gari la maji taka pia.

Hali hii si ya Kampala pekee. Goma, mji uliojengwa juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo, kuchimba shimo au msingi ni kazi ya nyundo, na nyumba nyingi ni za mbao. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, ukarabati hutaka chokaa, mawe ya matumbawe na boriti, pamoja na fundi anayejua kazi hiyo. Kila mahali pana kitu chake kinachopandisha bili.

Mambo ya kuzingatia kwa mfanyabiashara na msafirishaji

1. Uliza mahali kamili kabla ya kutaja bei. "Namuwongo" haitoshi. Uliza gari linaishia wapi na kutoka hapo ni hatua ngapi.

2. Tenganisha kwenye risiti bei ya bidhaa, usafiri wa gari na ubebaji wa mwisho. Mteja anayeona mafungu hayo hulalamika kidogo, na hujua pa kupunguza.

3. Wauzaji wachache wa mtaa mmoja wakiagiza pamoja, lori moja dogo hushusha mahali pamoja na gharama ya kila mfuko hushuka.

4. Weka akiba ya mabati, misumari na mbao kabla ya Machi na Septemba, na ya saruji kuelekea mwisho wa mvua.

5. Pima unene wa bati kwa kipimo, usitegemee mhuri. Duka linalouza geji ya kweli hupata wateja wa kurudi hata katika mtaa wa kipato kidogo.

6. Mabati mafupi, rangi za kopo na saruji iliyofungwa vizuri kwa kilo zina soko la uhakika vichochoroni. Anayevipakia kwa usafi na kipimo kamili anaweza kupunguza bei ya kilo na bado akabaki na faida.

7. Mwenye nyumba apate makadirio ya mafundi wawili, mmoja wa mtaani na mmoja wa nje, na kila mmoja aandike ujira mbali na vifaa.